Usiseme mizani zimezidi, lete mshororo

Kundi la washairi la WhatsApp hulijui mpaka siku mtu athubutu kusema kwamba mshororo wa tatu umepungua mizani, yaani silabi.

Kabla ya hapo wote ni ndugu. Shairi likitumwa alfajiri, kongole zinamiminika: "Heko malenga", "Umetisha", "Kalamu yako haina mpinzani", na vidole gumba vya kila rangi. Mara nyingine shairi lina beti kumi na mbili, na kongole ya kwanza imeshaingia kabla mtu mzima mwenye miwani hajafika ubeti wa pili. Sote tunaijua ile ya mgema aliyesifiwa akatia tembo maji. Lakini mgema yule wateja wake walau walikunywa. Huku kwetu watu wanasifia kibuyu wangali mlangoni.

Akitokea wa kukosoa, mambo yanakwenda kwa mtindo uleule kila kundi. Mtunzi ananyamaza kwanza. Rafiki zake wanamjibia: "Wewe umetunga nini?" Mwingine anakumbusha kwamba kundi ni la kuinuana, si la kuvunjana moyo. Admini anaingia na ombi la amani, na kama mkosoaji ni mbishi anaondolewa. Jioni kunatumwa shairi la kusifu umoja wa kundi, nalo, ukilihesabu, lina mizani saba hapa na tisa pale.

Wengi wanaozungumzia jambo hili huwalaumu watunzi: watu wa siku hizi hawaambiliki, wana moyo wa karatasi. Mimi sikubaliani. Wapo wasioambilika, nao walikuwapo tangu zamani. Ninachokiona zaidi ni kwamba ukosoaji wenyewe umekuwa rahisi mno kwa anayeutoa. Anaandika "mizani zimezidi" na kwenda zake kunywa chai, huku mwenzake amebaki na ubeti mkononi hajui aushike wapi.

Chukua mfano huu. Kijana anatuma tarbia, shairi letu la kawaida la mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita, nane ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na nane utao, nusu ya pili. Anaanza hivi:

Mama nakukumbuka sana, ulivyonilea pwani,
Usiku hata mchana, hutoki mwangu moyoni.

Hesabu ukwapi wa kwanza: ma-ma-na-ku-ku-mbu-ka-sa-na. Tisa. Mkosoaji wa haraka anasema imezidi moja, na kwa hesabu yuko sahihi. Mkarimu kidogo anaongeza dawa: toa "ku" moja, iwe "Mama nakumbuka sana". Nane zimetimia, kina cha "na" kimebaki, kazi imekwisha. Lakini soma tena. Sasa mtoto anakumbuka malezi, mama mwenyewe ametolewa kwenye kitenzi. Ubeti umenyooka na umepoa. Kijana anahisi kuna kitu kimeibwa ila hawezi kukitaja, basi anakasirika, na kundi linasema ana kiburi.

Mkosoaji aliyekaa na ubeti ule angeona njia nyingine: "Mama ninakukumbuka". Ni nane, na "ku" ya mama iko mahali pake. Ila sasa kina cha kati kimegeuka kuwa "ka", na "mchana" wa mshororo wa pili hautafaa tena. Hapo ndipo anatakiwa aingize mkono mfukoni atoe chake: "Usiku ukishafika, hutoki mwangu moyoni". Si lazima kijana aikubali. Anaweza kurudisha yake, au akatafuta ya tatu iliyo bora kuliko zote. Lakini hata akikataa, hawezi kusema ametukanwa, kwa sababu mbele yake kuna mshororo wa mtu aliyehangaika naye.

Hili si jambo geni kwetu. Washairi wa pwani walibishana kwa karne nyingi, tena vikali kuliko sisi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alirushiana mashairi na washairi wa Lamu wakati miji hiyo miwili ilipokuwa haiivi chungu kimoja. Humo mlikuwa na kejeli, vitisho na mafumbo ya kuchoma. Lakini desturi ya malumbano ilikuwa anayepinga apinge kwa shairi, kwa bahari ileile, yaani mtindo uleule wa shairi, na mara nyingi kwa vina vilevile vya aliyemtangulia. Huwezi kumwambia mtu shairi lake ni bovu kwa kutumia bovu zaidi, watu wangekucheka kabla hawajamcheka yeye.

Baadaye lilikuja gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, na kurasa zake za mashairi. Mtu aliuliza swali kwa shairi, mwingine akajibu kutoka mji mwingine kabisa. Gazeti lilitoka mara moja kwa mwezi, kwa hiyo hata aliyechomwa alikuwa na muda wa kutosha wa kukasirika, kupoa, kuhesabu mizani zake, ndipo apeleke jibu posta. Simu imetunyang'anya muda huo. Leo mtu anajibu akiwa amesimama kwenye daladala, mkono mmoja bombani.

Kuna dawa ambayo maadmini wengi wanaipenda: mwenye la kukosoa amfuate mtunzi chemba. Naielewa nia yake. Mtu anayetuma shairi lake la kwanza katika maisha yake hastahili kuvuliwa nguo mbele ya umati, na kwa huyo chemba ni mahali pazuri. Ila ikifanywa sheria ya kundi zima, faida inakwenda kwa mmoja na waliobaki wanaambulia kongole tu. Makundi haya yamejaa watu wasiotuma chochote. Wanasoma kimyakimya, wengine wanajaribu kwenye daftari. Hao ndio wangefaidi kuliko wote kuona "nakukumbuka" ikijadiliwa hadharani. Halafu kuna hasara nyingine isiyopigiwa kelele: mafundi wenyewe wanachoka. Hawagombani na mtu. Siku moja unaona tu fulani amejitoa, na hakuna anayeuliza kwa nini.

Sitaki pia kuwatetea wakosoaji wote. Wapo wanaofanya kazi ya trafiki, wamejificha nyuma ya mti wakisubiri mizani ya tisa ipite. Kaluta Amri Abedi, aliyekuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, alichapa sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na kazi ile imetusaidia sana. Lakini kuna watu wanaoitaja kama kwamba ushairi wote umo kwenye kuhesabu. Nimeona shairi la kusifu ukatili likipita bila neno kwa kuwa vina vilikuwa safi, na shairi la mtu aliyefiwa likirudishwa kwa silabi moja. Na lipo lile jibu maarufu, "hili si shairi, ni barua", ambalo anayelitoa hudhani ni uhakiki.

Linapokuja shairi huru ndipo kila kitu kinavurugika. Ugomvi huu tumeurithi: Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani yake ya mashairi huru, mwaka 1974, waliosema hayo si mashairi na waliosema ni mashairi walivutana kweli, vitabuni na vyuoni, na nusu karne baadaye bado makundi yanavutana kwa hoja zilezile. Akitokea mtunzi wa shairi huru, atapata moja kati ya mawili: afukuzwe kwa kuwa hana vina, au apigiwe makofi kwa kuwa hakuna anayejua amuulize nini. Hayo ya pili ni mabaya zaidi, kwa maoni yangu. Mtu aliyeacha vina na mizani amebaki na vitu vichache vya kuegemea, na vyote vinaulizika. Mstari huu umeukatia hapa kwa nini, mbona ukiunganishwa na unaofuata haupungukiwi kitu? Picha hii ya bahari imefanya kazi gani ambayo ile ya mwanzo haikuifanya? Neno "giza" limerudi mara nne, umelirudisha au limekuponyoka? Muulize mtunzi yeyote wa shairi huru ni lini mara ya mwisho aliulizwa maswali ya namna hiyo kwenye kundi lake.