Njia ya Aktiki ni fupi kweli, ila si ya kila mzigo

Oktoba 2025 meli ya makontena inaitwa Istanbul Bridge iliingia Felixstowe, Uingereza, ikitokea Ningbo kule China, safari ya kama siku 20 tu kwa kupita juu kabisa, kwenye barafu ya Urusi. Basi watu wakaanza kuuzika Mfereji wa Suez kule Misri, eti njia hii ya Aktiki itachukua nafasi yake.

Hoja yao ina uzito, tusibishe tu. Yokohama mpaka Rotterdam kwa Suez ni zaidi ya kilomita 20,000, kwa pwani ya Siberia ni kama 13,000 hivi, na tangu Wahouthi, waasi wa Yemen, waanze kushambulia meli Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023 kampuni nyingi zinazungukia Rasi ya Tumaini Jema kusini mwa Afrika, mafuta yanaungua na siku zinaongezeka. Kule kaskazini hakuna Wahouthi wala maharamia.

Sasa mi naona shida iko kwenye makontena yenyewe, maana mwenye duka anataka kujua mzigo unafika tarehe ngapi, na kule mambo yanaamuliwa na barafu. Novemba 2021 iliganda mapema, meli kama 20 hivi zikanasa upande wa Siberia mashariki ikabidi zisubiri meli za nyuklia za kuvunja barafu zije kuzitoa. Na msimu wenyewe wa kupita bila shida ni kama Julai mpaka Oktoba, je miezi iliyobaki ratiba unaipeleka wapi? Halafu kina. Mlango wa Sannikov, mlango-bahari wa njia hiyo kule Siberia, una kina cha mita 13 hivi, yale majitu yanayobeba makontena 20,000 na zaidi hayapiti pale, Istanbul Bridge ilibeba kama 4,000. Na njiani hakuna Singapore wala Jeddah ya kushusha na kupakia, kuna Tiksi na Pevek, vimiji tu.

Kampuni ya meli ya Maersk walijaribu 2018 na meli yao Venta Maersk, baadaye wakasema hawaioni kama mbadala wa kibiashara kwa sasa. Kampuni nyingine kubwa za makontena, MSC, CMA CGM na Hapag-Lloyd, wamekataa kabisa kwa sababu ya mazingira, maana masizi ya mafuta mazito yakitua kwenye barafu inanyonya joto na kuyeyuka haraka zaidi (ndo hiyo hiyo inayowafungulia njia, ajabu sana).

Ila wanaosema njia yote ni propaganda ya Moscow nao wanazidisha. Mwaka 2024 ilipitisha karibu tani milioni 38, mbali na zile milioni 80 walizojiwekea kama lengo la mwaka huo, na Suez ikiwa sawa inapitisha zaidi ya bilioni, lakini angalia kilichobebwa: sehemu kubwa ni gesi ya Sabetta, bandari ya Urusi kule Aktiki, na mafuta. Meli ya gesi haina haja ya bandari za njiani, inajaza inaondoka, ikichelewa siku nne hakuna rafu la supamaketi linalobaki tupu. Kwa mzigo wa aina hiyo Aktiki inafanya kazi tayari, na mteja mkubwa yupo, China.