Changu mwekundu na siku tatu za kuvua

Mwaka 2017, mwenye boti yake binafsi katika Ghuba ya Meksiko alipewa siku tatu za kuvua samaki aitwaye changu mwekundu (red snapper) kwenye maji ya serikali kuu ya Marekani, yaani yaliyo nje ya maji ya majimbo: tarehe 1 hadi 3 Juni. Bahari ikichafuka siku hizo, basi tena mwakani. Gatini hapo hapo, jirani yake anayebeba watalii kwa nauli alikuwa na siku 49. Mvuvi wa biashara naye, ambaye tangu 2007 anavua kwa mgao wake mwenyewe, alitoka siku aliyoitaka mpaka mgao umwishie. Kwa hiyo changu mgahawani alikuwepo Januari mpaka Desemba.

Anayesema wavuvi wa burudani, kama huyo mwenye boti binafsi, ni watu wasiopenda sheria aanzie hapo.

Hoja yao kubwa ni kwamba samaki wapo, wamewaona. Katika jimbo la Alabama, kwa mfano, wamezamisha magari chakavu, mapande ya zege na hata vifaru vya jeshi ili viwe makazi ya samaki. Shusha mshipi juu ya kifaru kimoja uone: chambo hakifiki chini kabla hakijanyakuliwa. Mtu wa namna hiyo ukimwambia changu hawatoshi, anaona unamfanya mjinga.

Na kuhusu samaki kuongezeka, hakosei. Kinachomchanganya ni hesabu. Mgao wao wa mwaka, yaani kiasi wanachoruhusiwa kuvua wote kwa pamoja, unapimwa kwa uzito, si kwa vichwa. Samaki wakiongezeka na kunenepa, kila anayevutwa ni mzito zaidi na anapatikana upesi zaidi, hivyo mgao unajaa haraka. Mwaka 2007 msimu ulikuwa siku 194. Miaka kumi baadaye, changu wakiwa wengi kuliko hapo, zikabaki tatu. Halafu kuna jambo ambalo halisemwi sana gatini: majimbo yenyewe yalikuwa yakirefusha misimu kwenye maji yao ya karibu na pwani. Texas iliruhusu mwaka mzima, samaki wanne kwa mtu kwa siku, hadi maili 9 za baharini. Samaki hao wote walitolewa kwenye chungu kile kile. Hasira iliyokwenda Washington, sehemu yake ilistahili kuishia makao makuu ya jimbo.

Wanasayansi nao wana lao. Changu huyu anaweza kuishi zaidi ya miaka 50, na jike wa sentimita 61 hutaga mayai sawa na majike 212 wa sentimita 43. Mwamba uliojaa vijana wa miaka mitano haulingani na mwamba wenye vikongwe, hata kama kwa mwenye ndoano yote ni neema tu. Tena mvuvi anaona samaki, haoni wavuvi wenzake. Samaki wake wawili kwa siku si kitu. Ila boti ziko maelfu, na nyingi zinarudi kwenye vigati vya nyuma ya nyumba ambako hakuna mwenye mizani. Mzigo wa mvuvi wa biashara hupimwa unaposhushwa. Wa burudani ulikisiwa kwa dodoso na mahojiano.

Juni hiyo hiyo Wizara ya Biashara ikaongeza siku 39, nyingi zikiwa za mwisho wa wiki, huku tangazo lake lenyewe likikiri kwamba kurudi kwa samaki hao katika hali nzuri kungeweza kuchelewa hadi miaka sita. Mashirika ya mazingira yakaenda mahakamani. Hapo mimi siwaungi mkono wavuvi. Kulalamikia hesabu mbovu ni haki yao, lakini mizani ikiwa mbovu hujipimii mzigo kwa macho.

Kilichotuliza mambo kidogo ni majimbo kukabidhiwa usimamizi wa wenye boti binafsi, kwa kudumu kuanzia 2020. Jimbo linapanga siku zake, na huko Alabama na Mississippi mvuvi anatakiwa kuripoti alichopata. Hesabu sasa ilikuwa yao.

Ikaja tatizo jingine. Mgao ulikuwa umepangwa kwa kipimo cha serikali kuu, majimbo yakahesabu kwa vipimo vyao, ni kama kununua unga kwa kilo na kuuuza kwa kibaba. Vipimo vilipolinganishwa, mgao wa Alabama ulikatwa zaidi ya nusu na wa Mississippi zaidi ya asilimia 60, kuanzia 2023. Kelele zikarudi, safari hii na silaha mpya: utafiti mkubwa uliogharamiwa na Bunge la Marekani ulikuwa umekadiria changu milioni 110 hivi, mara tatu ya makadirio ya awali. Wavuvi wakashika milioni 110. Wanasayansi wakashika maelezo yake, kwamba sehemu kubwa ya samaki hao wametawanyika kwenye sakafu tupu ya bahari, mbali na miamba ambako ndoano zote hushushwa.

Sheria moja ilipita bila vita kubwa. Changu anayevutwa kutoka mita 60 hufika juu kifuko chake cha hewa kimevimba, macho yametoka, tumbo limesukumwa mpaka mdomoni. Ukimwachia hivyo anaelea tu, papa anamaliza kazi. Kuanzia Januari 2022 kila boti ilitakiwa iwe na kifaa tayari: sindano ya kutoa hewa, au kibano chenye timazi kinachombana mdomo na kumshusha. Mvuvi yule yule wa kugombana kuhusu siku humfunga samaki wake kwenye kibano, akaachia kamba huku ameinamia ukingo wa boti. Huko chini kibano kinafunguka, kamba inalegea mkononi, naye anaivuta juu tupu.