Nani husimama imara zaidi michezoni? Inategemea umepima nini

Tafiti zinazolinganisha mizani ya mwili (uwezo wa kusimama bila kuyumba) ya wanamichezo hutoa orodha inayofanana: wana jimnastiki mbele, wacheza soka wakiwakaribia au kulingana nao, waogeleaji wakifuata, wacheza mpira wa kikapu nyuma. Orodha hiyo ina ukweli, lakini husomwa vibaya.

Wanaoiamini wana hoja nzito. Boriti ya jimnastiki ina upana wa sentimita 10 tu, na hukanyagwa kwa unyayo unaohisi kila mtikisiko. Mcheza soka naye husimamia mguu mmoja kila anapopiga mpira. Wa kikapu huvaa viatu vizito na mara nyingi hutua kwa miguu miwili. Kila mwili hujifunza kile unachofanyishwa kila siku.

Sasa tazama vipimo. Mwaka 2007, utafiti wa wanamichezo wa kike wa vyuo vikuu Marekani ulionyesha kuwa wa kikapu walizidiwa na wana jimnastiki katika kusimama tuli, lakini katika kipimo cha kusimamia mguu mmoja na kunyoosha mwingine mbali iwezekanavyo, waliowazidi ni wa soka. Kipimo cha kwanza hufanywa macho yakiwa yamefumbwa, mikono kiunoni, sekunde 20 kwa kila mkao, kwenye sakafu ngumu kisha kwenye sponji, makosa yakihesabiwa. Hakirekebishi kimo, na mtu mrefu huyumba kirahisi zaidi. Wasichana wafupi huchaguliwa mapema kuingia jimnastiki, kwa hiyo sehemu ya tofauti huenda ilikuwepo kabla ya mazoezi.

Tena umahiri hauhami kirahisi. Wana jimnastiki waliobobea waliopimwa wakisimama kwa mikono hawakuwa lazima bora waliposimama kwa miguu. Wacheza judo na wacheza ngoma za jukwaani walipolinganishwa, kufumba macho kuliwayumbisha zaidi wacheza ngoma, waliozoea kuutegemea uoni.

Kwa maoni yangu, kocha wa kikapu asipoteze muda kumlinganisha mchezaji wake na mwana jimnastiki. Alinganishe mguu wa kulia na wa kushoto wa mchezaji huyohuyo, kwa kile kipimo cha kunyoosha mguu. Bandika utepe sakafuni: mstari mmoja mbele, miwili nyuma kwa mshazari, pembe ya nyuzi 90 kati yake. Mchezaji avue viatu, asimamie mguu mmoja katikati, anyooshe mwingine mbali awezavyo kufuata mstari, aguse utepe kidogo na kurudi. Ajaribu mara 4, kisha pima umbali mara 3 na uchukue wastani. Ukitaka kuwalinganisha wachezaji wako wao kwa wao, gawanya wastani huo kwa urefu wa mguu, kuanzia ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga hadi kifundo kwa ndani, uzidishe kwa 100. Usipogawanya, warefu wataonekana bora bure. Kisigino kikiinuka au uzito ukihamia mguu unaogusa, jaribio hilo lifutwe. Usipime baada ya mazoezi, kwani uchovu hupunguza umbali.

Katika utafiti wa 2006 kwa wacheza kikapu wa sekondari Marekani, wale ambao umbali wa kunyoosha mguu mbele ulitofautiana kwa zaidi ya sentimita 4 kati ya kulia na kushoto walikuwa na uwezekano wa kuumia miguu mara 2.5 zaidi. Tofauti hiyo hurekebishika: kusimamia mguu mmoja, kisha kwenye sponji, kisha kutua kwa mguu mmoja huku ukipokea mpira, dakika 10, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 4 angalau. Aliyewahi kuteguka kifundo aanze na mguu huo.