Takataka au swichi?

Mwaka 2004 watafiti walikata vipande viwili vya DNA ya panya, jumla zaidi ya herufi milioni 2, katika maeneo yasiyo na jeni. Panya wakazaliwa wazima, wakakua, wakazaa. Mwaka uliofuata wengine wakaondoa kipande kidogo tu kiitwacho ZRS, ambacho nacho hakitengenezi protini. Safari hii panya wakazaliwa na miguu iliyoishia njiani.

Kwa binadamu, DNA isiyoandika protini ni kama asilimia 98. Mwaka 2012 mradi wa ENCODE, unaochora ramani ya sehemu za DNA zenye kazi, ulitangaza kwamba asilimia 80 ya DNA yetu ina kazi, na vichwa vya habari vikazika neno "takataka", jina la DNA iliyodhaniwa haina kazi. Wakosoaji wakauliza: kazi kwa maana ipi? Mradi ulihesabu hata mahali palipoguswa tu na protini au kunakiliwa kuwa RNA. Protini zinazowasha jeni hutafuta mfuatano mfupi, mara nyingi herufi 6 hadi 10, na katika herufi bilioni 3 mfuatano kama huo hujitokeza kwa bahati maelfu kwa maelfu. Nzi akitua ukutani, ukuta haugeuki chakula. Na kitunguu, chenye DNA takribani mara 5 ya yetu, kinaifanyia nini yote hiyo?

Kwenye hesabu niko na wakosoaji. Ila ZRS inanizuia kushangilia. Ni swichi, yaani kipande kinachowasha jeni, na iko herufi kama milioni 1 mbali na jeni ambayo ZRS huiamuru, tena imejificha ndani ya jeni nyingine. DNA hujikunja hadi viwili hivyo vikakaribiana. Herufi moja ikibadilika humo, mtoto anaweza kuzaliwa na kidole gumba cha ziada, ilhali jeni yenyewe haina kasoro. Nao panya wa 2004 waliishi maabara, wakilishwa na kulindwa. Isitoshe, swichi nyingi zina wasaidizi, ukiondoa moja nyingine hushika zamu.

Kwa hiyo naamini zaidi kisu kuliko ramani: kata, kisha tazama. Dawa ya selimundu iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023 hufanya hivyo hasa. Huvunja swichi ya BCL11A, jeni inayozima hemoglobini ya utotoni, ile ya tumboni mwa mama, katika seli zinazozaa damu, na hemoglobini hiyo ikarudi. Sehemu ya jeni inayoandika protini haiguswi, kwa kuwa seli nyingine bado zinaihitaji.