Umekodi ndani, hukukodi paa

Ami yangu amekodi ghala njia ya Mtoni, na humo ndani amejenga vyumba viwili vya baridi vya samaki na pweza. Juzi alimwendea mwenye ghala kumwomba ruhusa afunge sola juu ya paa. Gharama zote zake, mafundi wake, na paneli zake. Akajibiwa: "Sheikh, wewe umekodi ndani, hukukodi paa. Ukilitaka na paa, basi kodi ipande, na mkataba ubaki vile vile wa mwaka mmoja mmoja."

Nimekasirika, na naandika kabla hasira haijapoa.

Kila tukizungumza habari za sola hapa visiwani Zanzibar, tunaishia kwenye bei ya paneli na ukali wa jua. Jua tunalo. Tuko nyuzi sita tu kusini mwa ikweta, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri linatupita utosini. Ndiyo maana paa letu likielekea kaskazini au kusini, tofauti ya umeme ni ndogo, pande zote mbili zinafaa. Paa la mita za mraba 1,000, ukishaacha njia za mafundi kupita, linabeba kilowati 150 hivi za paneli, na kwa siku ya jua zuri unapata uniti 600 au karibu yake. Kisha chumba cha baridi kinakula umeme zaidi pale pale mchana joto linapopanda, na wakati huo ndipo sola nayo inapotoa zaidi. Mwenye biashara ya barafu, samaki au kuku wa kuganda hahitaji kushawishiwa. Anazitazama risiti zake za tukuza, umeme wa kulipia kabla, hesabu anaifanya mwenyewe.

Kwa nini basi hafungi? Kwa sababu paneli ni mali ya miaka 25, na mkataba wake wa ghala ni wa miezi 12.

Hapo ndipo penye kikwazo, na sioni anayepazungumza. Mwenye ghala halipi umeme, anayelipa ni mpangaji. Bili ikishuka nusu, mwenye ghala hapati hata senti, kwa hiyo hana sababu ya kutoa fedha zake kupandisha paneli juu. Mpangaji ndiye anayeumia na bili, lakini paa si lake. Akitia mtaji wake leo, mwakani mtoto wa mwenye ghala anarudi kutoka Maskati na fikra ya biashara, mpangaji anaambiwa ahame. Atazishusha paneli, atalipa mafundi mara ya pili, ataacha matundu kwenye bati, na atatafuta ghala jingine ambalo mwenyewe naye atamwambia maneno yale yale. Benki nayo ikiuona mkataba wa mwaka mmoja inamrudishia karatasi zake. Watu wawili wanaohitajiana, kila mmoja ana haki yake kwenye karatasi, na paa linakaa tupu mwaka hadi mwaka huku jenereta linanguruma uani.

Na sisi si watu wa kuuchezea umeme. Karibu wote tunaoutumia Unguja unakuja kwa waya wa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni upande wa bara hadi Fumba. Mei 2008 waya ule ulipata hitilafu tukakaa gizani takriban mwezi mzima. Disemba 2009 ukazimika tena, na umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Mabomba yalikauka kwa sababu pampu za maji hazikuwa na umeme, wenye friji walitupa mali yao, na kila duka lilikuwa na jenereta mlangoni. Mwaka 2013 tukapata waya mpya wa megawati 100, na nauthamini kwa dhati. Lakini ni waya wa pili kutoka upande ule ule. Kila uniti inayozaliwa juu ya paa la Saateni au Maruhubi ni uniti ambayo haikulazimika kuvuka bahari.

Mwenye ghala ana hoja moja ya kweli, nami nitaitoa ingawa sipendi. Mabati yetu mengi yanafungwa kwa skrubu zinazopenya, na ili paneli zishike lazima utoboe mpaka kwenye vyuma vya kenchi. Tundu lisilozibwa vizuri kwa mpira litavuja masika ya kwanza tu, na chini yake kuna magunia ya mtu. Halafu hewa yetu ya chumvi inakula chuma. Ukifunga reli za alumini kwa bolti za kawaida, kutu inaanzia hapo hapo zinapogusana. Wala usipandishe paneli za miaka 25 juu ya bati jembamba lililokwisha anza kuoza, badilisha bati kwanza. Na ghala lenye paa la asbesto lisiguswe na fundi mwenye drili hata akiahidi nini, vumbi lile ni sumu ya mapafu. Haya yote yana dawa, nayo ni mhandisi wa majengo apande akague kenchi kabla ya kitu chochote, kisha bolti zisizoshika kutu, na ufungaji unaohimili upepo wa kusi. Yaandikwe kwenye mkataba nani analipa likivuja. Hoja ya matundu ni ya haki, ila haihalalishi kumwambia mtu paa si lako halafu ukampandishia kodi.

Jambo jingine wenye maghala na wapangaji wote walijue kabla ya kulipa: sola iliyounganishwa na laini ya ZECO, shirika letu la umeme, bila betri inajizima umeme wa laini ukikatika, hata jua liwe kali namna gani. Imetengenezwa hivyo kusudi, ili fundi aliyeko juu ya nguzo asiuawe na umeme unaorudi kutoka kwako. Anayetaka sola imwokoe siku ya kukatika anunue inveta ya kufanya kazi na betri, na asikubali kuambiwa baadaye.

Sasa nani aanze? Mimi nasema waanze wenye maghala wasiohama. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inasimamia majengo ambayo kwa asili yake hayauzwi, mali ya kukaa na kuzaa kheri. Paa la wakfu likikodishwa peke yake kwa miaka 20, na umeme wake ukauzwa kwa mpangaji aliyeko chini kwa bei iliyo chini ya ile ya tukuza, fedha zinaingia kwa waliowekewa wakfu na mpangaji anapumua. Anayehama anaziacha paneli mahali pake, anayeingia anaendelea kununua. ZSTC, shirika la biashara la serikali, nayo ina maghala ya karafuu Pemba, na paneli zikikaa juu ya bati zinalitia kivuli, joto la ndani linapungua. Na kwa ZURA, mamlaka inayodhibiti huduma kama umeme na maji, na ZECO ombi langu ni masharti ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili anachokisoma mfanyabiashara wa Darajani: mita ya paa inafungwaje, umeme wa ziada unanunuliwa kwa bei gani, na mwenye paa anaruhusiwaje kumuuzia mpangaji wake.

Na wanaojenga maghala sasa hivi, Fumba na Chamanangwe kule Pemba, wasingoje haya yote. Kenchi itiwe nguvu ya kubeba kilo 15 zaidi kwa kila mita ya mraba, bati liwe nene, ngazi ya kupandia iwekwe, na bomba la nyaya lishuke ukutani mpaka kwenye chumba cha mita. Wakiyafanya wakati wa ujenzi gharama ni ndogo, na kwenye mkataba wa mpangaji wa kwanza waandike kifungu cha paa.