Chris Stapleton Hakuchelewa, Alicheleweshwa

Jana nimekutana tena na ile klipu, na najua hata wewe unayesoma umeshatumiwa mara kibao, ya Chris Stapleton, mwimbaji wa country wa Marekani, akiimba na Justin Timberlake kwenye tuzo za CMA, zile kubwa za muziki wa country, pale Nashville, Novemba 4, 2015. Klipu yenyewe sina ugomvi nayo, naweza kuiangalia mpaka bando likate. Kilichonikera ni maneno waliyoibandika nayo, eti jamaa alikuwa na miaka 37, hana jina, hana mbele wala nyuma, usiku mmoja ukabadilisha kila kitu, kwa hiyo na wewe subiri zamu yako inakuja. Halafu viemoji vya moto na mikono ya kuomba.

Jamani. Hana jina kwa nani?

Jamaa alitoka Kentucky akahamia Nashville 2001. Kazi yake ikawa kuandika nyimbo, tena sio za kuweka kwenye daftari chini ya godoro. Josh Turner alipanda nao mmoja mpaka namba 1 kwenye chati za country mwaka 2006. Kenny Chesney naye namba 1, 2007. Darius Rucker 2010. Luke Bryan akaimba ule wa kumlilia ndugu huku anakunywa bia, namba 1 tena. Hapo katikati Stapleton mwenyewe alikuwa mbele ya maiki na The SteelDrivers, bendi ya bluegrass, ule muziki wa banjo na fidla, albamu ya kwanza 2008, na ukiisikiliza leo utashangaa maana sauti ni ileile, ile ya mtu aliyemeza changarawe na asali kwa pamoja. Wimbo mmoja wa bendi hiyo Adele aliupenda akauimba na yeye. Adele! Stapleton alipotoka huko akaanzisha bendi ya rock ya kupiga kelele, The Jompson Brothers, na ukitaka kujua yale magitaa mazito kwenye Traveller, albamu yake ya 2015, yametoka wapi, anzia pale.

Sasa huyo ndiye CMA wakampa, pamoja na tuzo ya albamu ya mwaka na ya mwimbaji bora wa kiume, tuzo ya msanii chipukizi. Chipukizi! Na ndevu zile! Miaka 14 mjini unalisha nusu ya redio ya nchi halafu wanakuja kukukaribisha kama mgeni.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu hawa wahamasishaji wetu wanaruka sehemu muhimu kuliko zote. Mwaka 2013 lebo yake ilitoa singo yake mwenyewe, bila bendi. Redio hazikuipokea, ikaishia huko chini kwenye chati za arobaini na kitu, na albamu nzima aliyokuwa ameshairekodi ikafungiwa kabatini. Yaani watu wamekaa kwenye kikao wameangalia namba za singo moja wakaamua basi. Na kumbuka 2013 redio ya country ilikuwa inapiga nini, ni pikapu, bia ya baridi, binti mwenye jinzi fupi kakaa nyuma ya pikapu, rudi mwanzo. Mwanaume mnene mwenye ndevu anayeimba kama kanisa la soul limeungua hakuwa na nafasi kwenye hiyo foleni. (Ndiyo, najua, na yeye aliwaandikia baadhi ya haohao wa pikapu, na hela alikula. Simwonei huruma ya mfukoni.)

Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba Stapleton "alisubiri wakati wake", namuuliza, wakati huo alikuwa ameushika nani? Hakuwa amekaa anasubiri. Alikuwa anafanya kazi kila siku, na kuna watu wenye majina na viti na mishahara waliokuwa wanaamua kwamba nyimbo zake ni nzuri ila zikitoka kwenye midomo ya watu wengine wenye sura za kwenye bango. Ukimwambia kijana asubiri, bila kumwambia kwamba mlango una bawabu na bawabu ana vigezo vyake vya ajabu, unamdanganya. Tena unamsafisha bawabu bure. Miaka 14 ya ubishi wa watu wa redio inageuzwa kuwa somo la uvumilivu, na waliokosea wanakaa meza ya mbele siku ya tuzo wanapiga makofi!

Ushahidi upo ndani ya albamu yenyewe. Sikiliza "Whiskey and You". Nyota wa country Tim McGraw aliurekodi 2007, ukiwa na kila kitu, umepambwa. Miaka minane baadaye mwandishi wake anauimba yeye na gitaa moja tu, hakuna ngoma, hakuna chochote, na unajiuliza hivi kwa nini haikuwa hivi toka mwanzo. Wimbo ulikuwepo. Sauti ilikuwepo. Zilikuwa kwenye mwili mmoja, zinaishi mji mmoja, na ikachukua miaka minane kukutanishwa kwenye rekodi.

Albamu ilipotoka Mei 2015 ilianzia namba 14 kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, ikashuka taratibu, ikatoka kabisa kwenye orodha. Baada ya zile dakika chache na Timberlake ikarudi moja kwa moja namba 1. Haya, nakubali, bila Timberlake huenda leo tungekuwa wachache tunaijadili. Nakubali kwa shingo upande. Ila yule alileta kamera tu, koo halikuwa lake.

Na albamu yenyewe? Dave Cobb ndiye prodyuza, sehemu kubwa imerekodiwa RCA Studio A, studio ya zamani ya Nashville, jengo ambalo mwaka mmoja kabla walitaka kulibomoa wajenge maghorofa, likaokolewa dakika za mwisho. Unasikia chumba. Watu wachache wanapiga kwa pamoja, besi na ngoma hazina haraka, harmonika ya Mickey Raphael, yule wa bendi ya mkongwe wa country Willie Nelson, inapita pembeni kama moshi, na sauti ya mkewe Morgane imeshikilia kila kiitikio kisianguke. Morgane ni mwandishi wa nyimbo pia, mzito tu, watu wanamchukulia kama pambo la stejini na inaniudhi ila hiyo nitaiandikia siku nyingine. "Tennessee Whiskey" ni wa zamani, David Allan Coe alianza nao 1981 akafuata George Jones, ila huu mwendo wa kisoul walioupa ulizaliwa kwenye kujaribu vyombo kabla ya shoo, na sasa hakuna anayekumbuka kwamba uliwahi kwenda mwendo mwingine. Lawama yangu: nyimbo 14 ni nyingi. Kuna mbili tatu za katikati ningezikata bila kujutia.

Ngoja niwape hili moja watu wa "kila kitu na wakati wake". Baba yake Stapleton alifariki Oktoba 2013, na Morgane akamnunulia mumewe Jeep kuukuu ya 1979, wakaifuata Phoenix wakaiendesha wao wenyewe mpaka Nashville, na wimbo uliobeba jina la albamu uliandikwa humo barabarani. Kijana wa miaka 23 asingeuandika ule. Sawa. Lakini msiba haukuletwa na lebo kama zawadi ya ukomavu, na nyimbo nyingine nyingi za humo hazikuhitaji msiba wowote ili zisikike.

Halafu kuna watu ambao hata hiyo 37 wangeikamata kwa furaha. Mei hiyohiyo ya 2015 mshauri mmoja wa redio alisema hadharani kwamba ukitaka wasikilizaji usipige wanawake wengi, wanaume ndio saladi na wanawake ni nyanya za juu. Alisema hivyo, kwa mdomo wake, na akaendelea na kazi. Mickey Guyton, mwimbaji wa country, mwanamke mweusi kutoka Texas, alisaini na lebo ya Capitol Nashville 2011. Albamu yake ya kwanza kamili imetoka Septemba 2021. Miaka kumi ndani ya lebo kubwa, anatolewa singo hapa, vinyimbo vichache pale. Yeye mbona hawamwekei emoji za moto? Subira anayo kumzidi Stapleton, tena alisubiri akiwa tayari ameshasaini.

Mimi kwa sasa nataka kitu kimoja tu, ile albamu ya Stapleton waliyoifungia 2013. Itoeni. Hata ikiwa mbaya, wacha sisi wenyewe ndio tuseme ni mbaya.