Mbuzi isiyokula majani

Januari 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, Marekani, wakiongozwa na Tom Mitchell, waliwasha programu ya kompyuta iitwayo NELL (Never-Ending Language Learner, yaani mjifunza lugha asiyekoma) wakaiacha isome intaneti usiku na mchana. Waliipa mamia ya makundi, kama miji, wanyama na vyakula, na mifano kumi na kitu kwa kila kundi. Ikishajua Paris ni mji, hutazama maneno yanayoandamana na Paris, kisha huyatumia hayo hayo kuvua miji mingine. Samaki wa leo ndiye chambo cha kesho.

Mvuto wake unaeleweka. Mradi wa Cyc, wa kuifundisha kompyuta maarifa ya kawaida, ulioanzishwa na Douglas Lenat mwaka 1984, ulilishwa maarifa kwa mkono, kauli moja moja, miaka nenda miaka rudi. NELL, kufikia Oktoba 2010, ilikuwa imekusanya mambo kama 390,000, takriban asilimia 87 yakiwa sahihi. Kwa kitu kisichodai mshahara, si haba.

Lakini chambo kikioza? NELL ilikuta watu wakisema wamefuta “cookies” za intaneti. Kwa Kiingereza hizo ni biskuti, na pia ni vijifaili ambavyo tovuti huacha kwenye kompyuta yako. Ikavitia kwenye kundi la vitu vya kuoka. Halafu ikaona watu wanafuta na faili, basi faili nazo zikaingia ovenini. Kinga ilikuwepo, maana kwa baadhi ya makundi, kitu kikiwa katika moja hakikuruhusiwa kuwa katika jingine, ila hapa haikutosha.

Sisi tunasema vidakuzi, kwa hiyo mtego huo tumeuruka. Tunao wetu. “Nazi ikunwe kwa mbuzi”: Mswahili hashtuki, lakini mashine itaandika kwamba mnyama huyu ni chombo cha jikoni, au kwamba chombo hicho hula majani. Uzuri ni kwamba ngeli inasaidia. “Mbuzi imevunjika” iko jikoni. “Mbuzi amevunjika mguu” yuko zizini. Kiingereza hakina kinga ya namna hiyo. Tatizo ni kwamba intaneti haiandikwi na walimu wa sarufi. Pitia matangazo ya mifugo: “mbuzi yangu inauzwa, iko na afya”. Hapo ngeli imekwisha kazi.

Wapo wanaosema mashine ikisahihishwa na mtu, haijajifunza yenyewe. Sioni uzito wa hoja hiyo. Hata mtoto husahihishwa. Kuanzia Juni 2010 watafiti walianza kuikagua NELL kila baada ya wiki chache, kama dakika 5 kwa kila kundi, wakifuta upotofu kabla haujazaa. Gharama ndogo mno kwa faida ile, ndiyo maana naunga mkono usomaji huu usiokoma. Ila kwa Kiswahili, dakika hizo 5 apewe mtu aliyewahi kuikalia mbuzi akakuna nazi.